Hapa Ni Kwako

Saa saba na nusu mchana, dukani hamna mteja hata mmoja wa kuuliza bei na kuondoka, mashine ya mlangoni ilisema, "Karibu. Hapa ni kwako," na milango ya kioo ikafunguka yenyewe.

Hapakuwa na mtu. Mlinzi aliinua uso kutoka kwenye simu yake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kwenye simu. Milango ilikaa wazi kwa muda ambao mtu mwenye mizigo angeuhitaji kupita, kisha ikajifunga taratibu. Halafu ikaja harufu, kidogo tu, ya nywele zilizoguswa na pasi ya moto.

Aliyeacha alichokuwa akifanya alikuwa mmoja tu. Alikuwa amesimama kando ya makochi na utepe wa kupimia bango, na wenzake walimwita Bwana Matangazo, kwa sababu kila neno lililobandikwa au kutamkwa katika duka lile la vyombo vya nyumbani na matawi yake yote lilikuwa limepitia kwake. Yale maneno manne ya mlangoni aliyatunga mwenyewe. Ndiyo yaliyompatia cheo na kiti kinachozunguka.

"Jicho lake bovu hilo," mlinzi alisema bila kuulizwa. "Imeona nzi."

"Nzi anafunguliwa mlango?"

"Siku hizi hata nzi ni mteja, Bwana Matangazo."

Walicheka. Bwana Matangazo alicheka kuliko mlinzi, na hiyo haikuwa kawaida yake. Kisha akaenda ofisini kwake, akafunga mlango kwa ufunguo na kukaa humo mpaka saa tisa bila kuandika chochote.

Wafanyakazi waliiita mashine ile Bibi Harusi, maana ililetwa imefunikwa kwa nailoni nyeupe tangu utosini hadi miguuni, imebebwa na wanaume wanne, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka fundi wake afike. Ilikuwa na kimo cha mtu, jicho moja kwenye paji la uso, na mdomo wa vitobo vitobo. Ikikuona unakuja, inakukaribisha, inakuambia bidhaa gani imepunguzwa bei leo na iko upande gani. Haikai chini. Haiendi chooni. Haipati mafua. Hayo matatu Bwana Matangazo aliyaandika kwenye barua ya kumshawishi Meneja, tena akayapigia mstari.

Aliyekuwa akisimama pale kabla yake alikuwa na vyote vitatu: alikaa, alienda chooni, na msimu wa baridi alipata mafua. Walimwita Bi Karibu. Miaka kumi na minane alishika kipaza sauti mlangoni, na sauti yake ilikuwa moja lakini alijua kuikata kwa kipimo cha kila mtu. "Karibu" ya maharusi waliokuja kutafuta kitanda chao cha kwanza haikuwa sawa na "karibu" ya mjane wa kiume aliyekuja kununua sahani moja. Na alijua kunyamaza. Kulikuwa na watu aliowapisha kwa kuinamisha kichwa tu, wakaingia na huzuni zao bila kusumbuliwa.

Kumrekodi walimrekodi katika stoo ya magodoro, kwa kuwa hakuna chumba kimya kama kile kilichojaa magodoro hadi darini. Siku tatu. Bwana Matangazo alimwambia, "Mama, mwaka wa ngapi huu hujapumzika? Mashine itakushikia nafasi, uende likizo." Bi Karibu alimshukuru. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwombea dua kwa ajili ya binti yake mdogo, na shukrani ile ilikuja kumkaa Bwana Matangazo kooni kama mwiba wa samaki.

Maneno elfu na zaidi aliyasoma bila tatizo. Siku ya tatu, karatasi ya mwisho, Bwana Matangazo akamwambia, "Sasa sema 'Karibu. Hapa ni kwako.' Lakini iseme kwa mtu usiyemwona. Mashine itakuwa inaita watu kutoka mbali."

Bi Karibu aliweka karatasi juu ya godoro. "Nisiyemwona nitamkaribishaje, mwanangu? Hata hodi hajapiga."

"Ni rekodi tu, Mama."

"Mimi najua ni rekodi. Atakayesikia je, anajua?" Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Hodi hupigwa mara tatu. Ya kwanza nasikiliza. Ya pili nahakikisha ni mtu. Ya tatu ndiyo naitikia. Asipoitikiwa mara tatu anaondoka zake, hapigi ya nne. Ndivyo nilivyolelewa. Na hilo la 'hapa ni kwako' mimi huwa silisemi kabisa. Nasema karibu, basi. Nyumba yangu siigawi mlangoni."

Bwana Matangazo alitazama saa. Fundi alikuwa anasubiri nje. "Mara moja tu, Mama. Kwa ajili yangu."

Akasema, mara moja, na sauti ikamtetemeka pale mwishoni. Bwana Matangazo aliupenda mtetemo ule. Ulikuwa na kitu ambacho hakiandikiki kwenye karatasi, kitu cha kumfanya mtu ageuke barabarani. Katika maneno yote elfu na zaidi, ndilo alilomwagiza fundi aliweke mbele.

Mwezi uliofuata Bi Karibu aliitwa ofisini akaambiwa asante kwa utumishi wake. Vitu vyake vilifungashwa na Bwana Matangazo mwenyewe: mtandio wa akiba, kikombe, ndala za kupumzishia miguu. Alivitia katika mfuko wa duka na kumwambia mlinzi amsindikize mpaka getini, asije akaondoka na kipaza sauti. Bi Karibu aliuliza swali moja tu. "Likizo yenyewe ndiyo hii?"

Bwana Matangazo alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

Sasa basi, mashine ile ilikuwa na mdogo wake, kengele ya nyumbani yenye jicho na sauti ileile, ambayo duka lilitaka kuanza kuiuza. Ikimwona mtu inamkaribisha na kufungua kitasa. Bwana Matangazo alipewa moja aijaribu kwake kabla hajaitungia tangazo. Aliifunga kwa mikono yake, skrubu nne, huku binti yake akimshikia bisibisi na kumsimulia habari za shule, za paka wa jirani, za meno ya mwalimu wao. Mtoto alikuwa na miaka sita na walimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kuongea kabla hajajua kukaa vizuri, na tangu hapo hakuwahi kupumua. Mama yake alikuwa akisema kwa utani kwamba siku Chiriku akinyamaza, wahame.

Jumapili ya pili, mchana, jua limesimama na mtaa mzima umelala, mama yake akipiga pasi na baba yake akisoma gazeti, kengele ilisema, "Karibu. Hapa ni kwako." Kitasa kikaruka. Mlango ukafunguka nusu, ukasimama, ukajifunga.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka chumbani. "Na nini kinaungua? Pasi yangu nimeizima."

Chiriku alikuwa mkekani anachora, anajisimulia mchoro wake kwa sauti. Alikatiza katikati ya neno. Akainua macho, akayainua zaidi, mpaka juu karibu na dari. Halafu akakusanya penseli zake na kusogea kando, kama mtu anavyompisha mgeni akae.

"Baba," alisema kwa kunong'ona, "mgeni hana viatu."

"Mgeni gani?"

"Huyu."

Siku ile hakusema tena. Jumatatu sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, Jumanne ilibaki ya kunong'ona, Jumatano alifungua mdomo kumwita mama yake pakatoka pumzi tupu. Daktari alimmulika kooni, akamwambia aseme "aaa", akammulika tena. "Koo ni zima kabisa," alisema, na kwa namna alivyolisema ilikuwa wazi kwamba yeye mwenyewe halipendi jibu lake.

Nyumbani mambo yakaanza kugeuka, tena kwa heshima zote. Asubuhi moja mama Chiriku alikuta vikombe vya wageni, vile vya maua vinavyokaa kabatini mwaka mzima, vimepangwa mezani, vitatu, na vile vyao vya kila siku vimefungiwa kabatini. Alidhani ni mumewe. Mumewe alidhani ni yeye. Kesho yake bafuni kulikuwa na taulo za wageni, zimekunjwa vizuri. Siku iliyofuata kiti cha Bwana Matangazo, kile chenye shimo la umbo lake, kilikuwa kimevutwa dirishani, na alipokikaribia alihisi joto likitoka juu yake kama kiti kilichoachwa sasa hivi, na ile harufu ya nywele na pasi ilikuwa nzito pale kiasi cha kumtoa machozi, akaenda kukaa kwenye kochi, pembeni kabisa, mikono magotini, na ilimchukua muda mrefu kutambua kwamba alikuwa amekaa kama mgeni.

Ijumaa mkewe alimpigia simu kazini. "Umenifungia sanduku la nguo?"

"Sanduku gani?"

"Nguo zangu zote ziko kwenye sanduku. Zako ziko kwenye begi lako la safari. Za mtoto kwenye mfuko wa duka lenu. Vimepangwa mlangoni, Baba Chiriku." Alikuwa anaongea taratibu, kama anaogopa kusikika. "Rudi nyumbani."

Alirudi saa kumi na moja, jua bado linawaka. Kabla hajatoa ufunguo mlango ulifunguliwa kwa ndani na Chiriku alikuwa amesimama pale, viganja vimekutanishwa mbele ya tumbo, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia, na Bwana Matangazo aliujua mkao ule, aliuona kila siku kwa miaka aliyokuwa akipita mlango wa duka na kukaribishwa kazini kwake mwenyewe, ila hakuwahi kuuona katika mwili mdogo kiasi kile, wenye suruali ya kulalia yenye picha za sungura, na kabla hajasema mwanangu umepona, mtoto akatabasamu tabasamu la mwenye nyumba na kufungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, laini, inayotetemeka pale mwishoni.

"Karibu, baba. Mtakaa siku ngapi?"

Aliing'oa kengele ukutani kwa bisibisi, akaikanyaga mpaka taa yake ikazimika. Nyuma yake mdomo wa mtoto uliendelea, bila haraka, "Poleni na safari. Jisikieni huru. Jisikieni huru."

Mkewe alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, mgongo ukutani. "Hili ni jini," alisema. "Na hiyo sauti naijua. Ni ya yule mama wa mlangoni kwenu. Siku nilipokuja kununua kitanda cha mtoto alinishika tumbo akaniambia karibuni nyote wawili." Akamtazama. "Umemfanya nini yule mama?"

Bwana Matangazo alimweleza. Alianza na mashine, na soko lilivyo, na makampuni mengine yanavyofanya, na mkewe alimsikiliza mpaka maneno yakamwishia, ikabaki stoo ya magodoro na neno likizo.

"Ulimwambia likizo," mkewe alisema.

"Ndiyo."

"Katafute alipo. Usirudi bila yeye."

Bi Karibu alikuwa akiishi ghorofa ya tatu, mwisho wa ujia wenye ndoo kila mlangoni. Ndani cherehani ilikuwa ikilia. Bwana Matangazo alipiga hodi, cherehani ikaendelea. Alipopiga ya pili, cherehani ikanyamaza. Alipopiga ya tatu, sauti ile ikasema, "Karibu," na akasita kizingitini, ingawa safari hii ilitoka kwa mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, kama huogopi sindano." Kila mahali palikuwa na sare za shule za kupindwa chini. Chumba kilikuwa kimoja: kitanda, cherehani, meza, kikombe kile. "Naona umekuja na mawili, la kuomba na la kusema. Anza na la kusema."

"Nilikudanganya."

"Enhe."

"Nilijua tangu mwanzo kwamba hutarudi. Ile barua niliiandika mimi. Na lile neno ulilokataa nililiweka mbele ya yote."

Bi Karibu alikata uzi kwa meno. "Nilipita pale wiki ileile mliyonitoa. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikijisikiliza ninavyoita watu. Ushawahi kuona mtu anajionea wivu mwenyewe?" Alicheka kidogo, na Bwana Matangazo angependelea amtukane. "Haya, la kuomba."

Alipomaliza kusikia habari za Chiriku alikuwa tayari amesimama, anatafuta mtandio.

Mlangoni kwa Bwana Matangazo, ambapo skrubu nne zilikuwa bado zimetokeza ukutani, Bi Karibu alipiga hodi tatu, na kati ya moja na nyingine alisubiri. "Karibu," sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka ndani. Alivua viatu. Alipita kando ya mizigo, akakaa mkekani mbele ya mtoto, na mama Chiriku alijiziba mdomo kwa kanga, kwa maana kilichofuata ni mwanamke mmoja akizungumza na yeye mwenyewe, mara kwa kinywa cha mtu mzima, mara kwa kinywa chenye meno ya utotoni.

"Nani kakukaribisha hapa?"

"Wewe."

"Mimi sikukuona."

"Mimi nilikusikia. Nimepita kwenye milango mingi, mama, tangu watu walipoanza kuwa na milango. Kila mahali wananyamaza kwanza, wanasikiliza, wananijua, nakwenda zangu. Wewe hukunyamaza. Uliniita kutwa nzima, kila siku. Ukaniambia hapa ni kwangu. Basi nimekuja kwangu, nimekuta wageni. Nimewavumilia, nimewapa vikombe vizuri. Waniambie tu wanaondoka lini."

"Iliyokuita ni mashine."

"Sauti ni ya nani?"

Sebuleni palikuwa na joto, na harufu ilikuwa imewashika wote kooni.

Bwana Matangazo alipiga magoti. Huenda hilo ndilo jambo la pekee la ungwana alilofanya katika habari hii yote, kwa hiyo tumpe haki yake. "Neno ni langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeliandika. Mwache mtoto, nichukue mimi. Kaa kwangu."

Mtoto aligeuza kichwa taratibu na kumtazama, yale macho aliyokuwa akiyabusu kila asubuhi, na ndani yake hamkuwa na anayemjua. "Wewe?" ilisema sauti, bila dharau, kama mtu aliyefunguliwa chumba akakiangalia na kukikataa. "Wewe hujamkaribisha mtu hata siku moja. Nikae wapi humo?"

Bi Karibu alikunjua miguu, akaikunja tena. Alimtazama mama Chiriku, akaitazama mizigo mitatu mlangoni, ule mfuko wa duka juu yake.

"Mtoto hajakukosea," alisema mwishowe. "Njoo kwangu. Nina chumba kimoja, naishi peke yangu. Nakukaribisha kwa mdomo wangu mwenyewe, tukiwa ana kwa ana. Karibu. Lakini ni karibu ya mgeni, na haina neno la pili baada yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mwachie mtoto kilicho chake, twende."

Mlangoni, akivaa viatu, alimshika Bwana Matangazo mkono kwa mikono yake miwili kama siku ile stooni. Mikono yake ilikuwa ya moto. "Lile neno litoe kwenye mashine. Kwenye matawi yote. Kila likisemwa huyu analisikia, na kwa kuwa sauti ni yangu, atadhani nimebadili mawazo. Umenielewa?"

"Kesho asubuhi, Mama. Naapa."

"Na ukija kunijulia hali, piga hodi. Nikisema karibu, ingia. Ukisikia na lile lingine limefuata, ujue si mimi."

Alishuka ngazi akiegemea upande mmoja, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupita. Kabla hajafika chini, Chiriku alipiga ukelele mkali wa mtoto wa miaka sita, kisha akalia, kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka usingizi ulipomchukua kifuani kwa mama yake. Bwana Matangazo alikaa kwenye kiti chake chenye shimo la umbo lake na kulia pia.

Asubuhi alikwenda kwa Meneja. Twende naye taratibu hapa, kwa sababu hakwenda na nia mbaya.

"Nimefikiria tubadilishe lile neno la mlangoni," alisema.

Meneja alikuwa anatazama picha za matawi mapya kwenye kompyuta. "Lipi, 'hapa ni kwako'? Watu wanalipenda. Watoto wanaliimba mitaani. Unataka kuua neno lako mwenyewe?" Akainua macho, anatabasamu. "Au umechoka? Sema tu. Siku hizi kuna mashine inayotunga matangazo ishirini kabla chai haijapoa. Juzi wameniletea niijaribu. Nikawaambia hapana, ninaye mtu wangu."

Bwana Matangazo alifikiria ada ya Chiriku na kile kiti kinachozunguka. "Nilikuwa nawaza tu," alisema.

Wiki ile aliipitisha akijiambia atalisema tena wiki ijayo. Mashine zikaongezwa, nne, kisha tisa, kila moja imefunikwa nailoni nyeupe.

Mara ya kwanza alipokwenda kwa Bi Karibu alipiga hodi tatu, akajibiwa "Karibu," basi, akaingia kifua kikiwa chepesi. Mezani kulikuwa na vikombe viwili. "Ni mpole," Bi Karibu alisema kwa kunong'ona, akionyesha kona kwa kidevu. "Ila anauliza maswali. Umelitoa?"

"Niko mbioni, Mama."

Mara ya pili alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda chake mwenyewe, mikono magotini. Cherehani ilikuwa imesogezwa mlangoni. "Umelitoa?" Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo.

"Bado kidogo tu."

Mara ya tatu "karibu" yake ilikuwa pumzi tupu. Hakuuliza. Alimtazama tu, akatazama mfuko aliokuja nao, mfuko wa duka wenye sukari na sabuni, ambao pembeni ulikuwa umechapwa maneno manne kwa rangi nyekundu. Bwana Matangazo aliugeuza upande wa pili. Karibu na miguu ya mama yule, sare zote zilikuwa zimekunjwa ndani ya sanduku.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana. Ujia ulikuwa mtupu, ndoo zimekauka kwa jua. Alipiga hodi. Akapiga ya pili. Alipopiga ya tatu harufu ilipenya chini ya mlango kabla ya jibu, na jibu lilikuja laini, zima, halina mkwaruzo hata mmoja, na lilitetemeka vizuri pale mwishoni kama alivyolipenda.

"Karibu. Hapa ni kwako."

Bwana Matangazo aliweka mfuko chini, polepole, usichakarike. Alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amegeuka tayari, mkono umeshika ukuta, alipoisikia sauti nyingine, dhaifu, ya mtu anayeongea kwa shida. Ilitoka ndani ya chumba kilekile.

"Hodi," alisema Bi Karibu, nyumbani kwake.

Alikuwa anasubiri, kama alivyolelewa.

"Hodi."

Hapakuwa na wa kumwitikia isipokuwa mtu mmoja kwenye ujia. Lilihitajika neno moja, na mtu yule alikuwa ameliandika kwenye mabango, kwenye mifuko na kwenye milango ya miji ambayo hajafika. Alifungua mdomo. Akafikiria Chiriku, akafikiria kile kinachoweza kumfuata kikisikia sauti yake, akaufunga.

"Hodi," alisema yule mama mara ya tatu.

Bwana Matangazo alisimama pale akisubiri ya nne, ingawa alijua haitapigwa. Kisha akashuka ngazi.